Mazuku ya Angani

Joyeuse Umwiza alikuwa mtu wa kupenda kusikilizwa. Tuseme hilo mapema, maana hata yeye asingekataa. Alifundisha fizikia katika shule moja ya sekondari kule Murara, mjini Goma, wanafunzi sitini na wawili kwenye benchi za watu arobaini, na kila Jumamosi saa tatu asubuhi alikwenda kwenye redio ndogo ya mtaa kuzungumza juu ya sayansi kwa dakika tano. Dakika tano hizo alizitayarisha wiki nzima. Alizisema mbele ya kioo, akazisema mbele ya sufuria ya maharagwe, akazisema nyuma ya pikipiki mpaka dereva akageuka kumwuliza kama anasali.

Nyumba yake ilikuwa Kyeshero, juu kidogo ya soko la Kituku lililo kando ya ziwa. Parcelle, yaani kiwanja, ya tatu kutoka kwake aliishi mama yake mdogo, Mukantwari, aliyeshuka kutoka milima ya Masisi mwaka uliopita akikimbia vita, na godoro moja, sufuria mbili na ng'ombe mmoja. Kule alikuwa na ng'ombe kumi na wanne. Huyu aliyebaki aliitwa Bihogo kwa ajili ya rangi yake nyekundu iliyoiva, na mama yake aliitwa Bihogo, na bibi yake vilevile. Asubuhi Mukantwari alimpangusa kwa majani huku akimsimulia habari za hao waliomtangulia, na ng'ombe alitulia akisikiliza vizuri kuliko darasa zima la Joyeuse.

Mama mzazi wa Joyeuse alikuwa amefariki siku nyingi. Kwa hiyo Mukantwari alimwita mpwa wake "mwana wanjye", mwanangu, kwa Kinyarwanda, hata mbele ya wanafunzi wake, hata siku ambazo wamegombana. Joyeuse, mwanamke wa miaka thelathini na tisa ambaye mji mzima ulimwita Madamu, alijifanya kuona haya. Moyoni alilipenda jina hilo kuliko yote.

Mwaka huo, 2025, wataalamu walikuwa wamegundua kometi, nyota ya mkia, ambayo haikuzaliwa na jua letu. Ilitoka kwenye nyota nyingine huko isikojulikana, ilikuwa inapita tu, na haitarudi. Ilikuwa mgeni wa tatu kujulikana kutoka kwenye nyota nyingine. Joyeuse aliifuatilia kwenye simu yake kama wengine wanavyofuatilia mpira. Mwishoni mwa Agosti akasoma kwamba darubini kubwa iliyo angani imechunguza mwanga wa kometi hiyo na kukuta gazi kaboniki, yaani kaboni dioksidi, nyingi kuliko ilivyotarajiwa. Darubini za huku chini zingeshindwa kuipima vizuri, kwa sababu hewa yetu wenyewe ina gazi hiyohiyo na inaziba njia. Kwa hiyo ilibidi jicho liende nje kabisa ya hewa ndipo lione.

Mtangazaji wa redio, Bienvenu, aliisoma karatasi yake na kukunja uso.

"Madamu, gazi kaboniki batu hawatasikia. Utabalalisha usingizi. Tafuta neno ya kwetu."

Neno la kwetu lilikuwepo, na kila mtu aliyekulia pale Kyeshero analijua. Gazi kaboniki inapotoka ardhini kwenye mawe ya volkano, ikajaa kwenye mabonde na mashimo bila rangi wala harufu, ikaua mbuzi, mbwa, na mara nyingine mtu, watu wa Goma huiita mazuku. Joyeuse aliposikia neno hilo kichwani mwake alifurahi mpaka akatabasamu peke yake. Mwalimu gani mwingine duniani angeweza kulitumia?

"Ile kometi imejaa mazuku!" alisema redioni. "Ndiyo, bapendwa basikilizaji, mazuku yetu ya hapa Goma, ile inaua mutu bila harufu. Iko kule juu sasa hivi. Na vile kometi inakaribia jua, mwisho wa Oktoba, itatoa ingine mingi."

Simu zikaanza kulia. Kwenye karatasi yake zilibaki sentensi mbili. Moja ilisema kometi itapita mbali nasi, zaidi ya kilomita milioni mia mbili, na pumzi yake haitatufikia. Nyingine ilisema mazuku ni nzito kuliko hewa, hukaa chini, kwa hiyo mtu akiiogopa apande juu. Muda wa kuzisoma ulikuwepo. Joyeuse aliutumia kucheka na msikilizaji mmoja wa Katindo aliyempongeza, halafu muziki ukaingia.

Jumatano asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, Héritière aligonga mlango wake kwa ngumi. Héritière aliuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kule Kituku, na kila asubuhi alishuka na beseni kichwani. Sasa hakuwa na beseni.

"Madamu, kuya mbio! Mama Mukantwari njo nilimutoa mu shimo. Yeye iko muzima. Ng'ombe njo ilikufa."

Shimo lenyewe Joyeuse alilijua. Lilikuwa nyuma ya parcelle ya mwisho, katikati ya mawe meusi, lenye majani mabichi mazuri ambayo hakuna mbuzi wa mtaa aliyeruhusiwa kuyagusa. Baba yake alikuwa amesimika pale ubao mwekundu wa kuonya watu. Miezi ya vita, kuni zilipokosekana, mtu aliung'oa akaupikia. Joyeuse alipita pale kila siku akienda kutafuta pikipiki, na kila siku alisema atausimika mwingine Jumapili. Jumapili zilipita.

Bihogo alikuwa amelala amekunja miguu, shavu juu ya majani, kama ng'ombe anayecheua. Mukantwari aliketi juu ya mawe, kitenge kimechanika pale Héritière alipomvutia. Kwa kuwa alisimama wima, kichwa chake kilikuwa juu ya ile gazi. Alipoinama kuinua shingo ya ng'ombe ndipo alipoanguka.

"Mwana wanjye," alisema, akamshika Joyeuse mkono. "Imana ikubariki. Bila weye, na miye ningekufa."

Joyeuse hakuelewa. "Bila miye namna gani, mama mudogo?"

"Si ulisema mu redio? Mazuku iko juu, inakuya. Miye sikujua mazuku, kwetu Masisi haikuwako. Nikawaza, kitu ikitoka juu, mutu anashuka. Bakituma mabomu, si tunaingiaka mu shimo? Na hii kometi macho haiione, haujue itakuya saa ngapi. Njo nikawaza kumuficha Bihogo kila asubuhi, nikaanza leo." Alitazama chini kule. "Lakini haikuwa chini sana. Ilimufikia. Nitachimba ingine, ya kushuka zaidi. Nimesha ambia na ba mama ba kanisa, bachimbe bote mbele ya Oktoba."

Hapo ndipo Joyeuse alipopaswa kusema. Sisi tunaosimulia tunaona ni rahisi, maneno yenyewe hayazidi kumi. Lakini watu walikuwa wamekusanyika, na wote walimtazama kwa heshima, mwalimu aliyewaonya mapema. Alisema, "Pole sana, mama mudogo." Kisha akaenda kazini.

Siku hiyo alifundisha vibaya. Alhamisi alifundisha vibaya zaidi. Jioni Mukantwari alimletea chai yenye maziwa, maziwa ya mwisho ya Bihogo, aliyoyachemsha asubuhi ileile ya msiba na kuyatunza.

"Kunywa, weye njo ulituokoa," alisema.

Joyeuse aliyanywa. Aliona aibu ikimpanda mpaka masikioni, na bado aliyanywa mpaka chini, na hata leo ukimwuliza ni kipi kinachomuumiza zaidi, hataji shimo wala redio. Anataja kikombe hicho.

Ijumaa alipotoka shuleni aliwakuta wanawake watatu nyuma ya kanisa, majembe mikononi, wanachimba kati ya mawe. Mmoja alikuwa Héritière. Shimo lilikuwa limefika kiunoni.

"Tukimaliza, batoto bote bataenea humu," Héritière alimwambia, akijipangusa jasho kwa furaha.

Joyeuse alishuka akamnyang'anya jembe. Hakueleza vizuri, alipiga kelele, alisema mazuku iko chini, iko chini, haijawahi kuwa juu, tokeni humo. Wanawake walitoka, zaidi kwa kumhurumia. Kisha akaenda moja kwa moja parcelle ya tatu, kabla miguu haijabadili mawazo.

Mukantwari alikuwa anakunja kamba ya Bihogo.

"Mama mudogo, miye njo nilimuua."

"Nani?"

"Bihogo. Kometi haikumugusa. Iko mbali sana, haitatugusa hata siku moja. Mazuku ya kuua njo ile ya mu shimo, inatokaka mu mawe, inalalaka chini. Nilijua. Ilikuwa mu karatasi yangu, sikuisoma. Na shimo ile nilikuwa naijua tangu utoto. Ilikuwaka na ubao."

Mukantwari aliendelea kukunja kamba. Aliikunja yote, akaifunga fundo, akaiweka magotini.

"Ile mashini yabo ya kuangalia," aliuliza, "ile iliona mazuku mu kometi. Iko mbali na kometi?"

"Mbali sana. Mamilioni ya kilomita."

"Na iliiona."

"Ndiyo."

"Weye na ile shimo, mbali yenu ilikuwa ngapi?"

Joyeuse aliijua hesabu yake. Zilikuwa hatua mia na hamsini. Alikuwa amezihesabu siku ileile ya Jumatano.

Jumamosi alisoma redioni karatasi ya dakika tano isiyo na mzaha hata mmoja. Alisema kometi haina habari na sisi. Alisema mazuku hukaa chini, na mtu akihisi kizunguzungu bondeni asiiname, apande. Alitaja shimo la Kyeshero, mahali pake hasa. Akasema ng'ombe wa mtu amekufa kwa sababu yeye, Joyeuse Umwiza, Jumamosi iliyopita alipenda kuchekesha kuliko kumaliza sentensi. Bienvenu alimtolea macho nyuma ya kioo. Simu hazikulia.

Wanawake wa kanisa walilifukia shimo lao siku hiyohiyo. Joyeuse alinunua ubao, akaupaka rangi nyekundu, akausimika mwenyewe kwa nyundo ya kuazima, akijigonga kidole gumba mara mbili. Aliandika MAZUKU, na chini yake USISHUKE.

Alipokuwa anakaza mawe kwenye mguu wa ubao, Mukantwari alipita na dumu la maji. Alisimama. Hakuwa na mfugo tena wa kupitisha pale, lakini aliusoma ubao polepole, herufi kwa herufi, kwa kuwa shule aliiacha mapema. Joyeuse alinyanyuka, mikono imejaa vumbi jeusi, akingoja. Alikuwa tayari kwa matusi. Alikuwa tayari hata kwa kofi, na angelipokea kwa shukrani.

Mukantwari alihamisha dumu mkono wa pili.

"Merci, Madamu," alisema, akaenda zake.