Usiku wa Ijumaa Ulioangukia Alhamisi

Mchana wa Alhamisi, mjini Klaten, kisiwani Java, Wahyuningsih anaandika akiwa amesimama. Kompyuta ameiweka juu ya kabati la vyombo, kwa kuwa akiketi, asema, sentensi nazo huketi. Anaandika mstari, anausoma kwa sauti, anaufuta. Anakwenda mpaka dirishani, anarudi. Anaandika tena.

Simu inaita. Ni Bu Lastri, yaani Mama Lastri, mpishi wa shughuli kutoka kijiji cha jirani, na sauti yake inashindana na kelele za sufuria. Yeye humwita Wahyuningsih Mbak Ning, dada Ning.

“Mbak Ning, hebu niambie. Hicho chombo chako kinasema leo sina kazi. Sasa Pak Wagimin yuko hapa mlangoni, anauliza chakula cha arobaini ya mama yake kimefikia wapi. Vifurushi themanini, vya leo usiku!”

“Si aliagiza?”

“Aliagiza! Alisema usiku wa Ijumaa. Nikabofya Ijumaa, kama ulivyoandika wewe.”

Wahyuningsih anavuta kiti. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, anaketi.

Kazi ya mama huyu mwenye umri wa miaka thelathini na sita ni kuandika na kuchapisha mtandaoni mwongozo wa Rantang, programu-jalizi ndogo ambayo wapishi wa shughuli huipachika kwenye tovuti zao ili iwapangie maagizo. Kila asubuhi huwaonyesha cha kupika siku hiyo. Programu yenyewe hakuiunda yeye. Yeye hueleza kila kitufe hufanya nini, kwa lugha ambayo mpishi mwenye mikono ya unga ataielewa bila kumpigia mtu simu.

Hapo awali alifundisha lugha katika shule ya sekondari, kwa mkataba, kwa mshahara usiofika rupia laki saba kwa mwezi. Sasa hulipwa laki moja na nusu kwa ukurasa, na ukurasa mmoja humchukua siku nzima, pengine mbili.

“Nalipwa kwa maneno yanayobaki,” asema. “Ningelipwa kwa ninayoyafuta, ningekuwa nimejenga ghorofa.”

Kosa limo katika ukurasa aliouchapisha Jumatatu. Aliandika hivi: “Chagua siku ileile aliyoitaja mteja.” Ni sentensi fupi, safi, isiyo na doa la sarufi. Lakini kwa Wajawa, kama ilivyokuwa kwa wazee wetu, jua likitua siku imekwisha, na usiku huwa ni wa siku inayofuata. Usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa. Katika kalenda ya kompyuta, huo bado ni Alhamisi.

“Niliijaribu mwenyewe tena na tena,” asema Wahyuningsih, ambaye amekwisha kusimama. “Sikuona kitu. Ningeonaje? Ndivyo ninavyosema tangu utotoni.”

Kabla ya mwongozo huo, Bu Lastri aliandika maagizo kwa chaki ukutani, wala hakuwahi kukosea usiku wa mtu. Hilo ndilo linalomchoma mwandishi wetu. Familia ya Pak Wagimin itakaa kwenye mikeka jioni hii, majirani watasoma dua, na kama vifurushi havitafika watarudi makwao mikono mitupu. Aibu hiyo hukumbukwa kijijini miaka mingi.

Anampigia Togar, muundaji wa programu, aliyeko Medan, ambaye humwita Bang, yaani kaka.

“Bang, tumeharibu.”

“Tumeharibu, au umeharibu?”

“Nimeharibu. Niongezee kitufe cha usiku wa kuamkia.”

“Mbak, kompyuta haijui kuamkia. Hailali! Hicho kingoje toleo la mwezi ujao. Na usijitese. Nani husoma mwongozo siku hizi? Watu hubofya tu mpaka kitu kilie.”

“Bu Lastri alisoma.”

“Pole yake.”

“Alisoma, akanitii. Ndiyo shida yenyewe, Bang.”

Togar anaacha kucheka. Anaahidi kuwatafuta wapishi wengine wenye maagizo ya usiku. Sentensi, asema, ni mzigo wa aliyeiandika.

Jikoni kwa Bu Lastri majirani wanne wamekwisha kuitwa. Wali upo. Kuku hawapo, na wachinjaji wa sokoni wamefunga tangu adhuhuri. Yatakaangwa mayai kwa pilipili.

Wahyuningsih anaandika: “Kwa usiku wa Ijumaa, chagua Alhamisi.” Anaisoma, anakunja uso. Mpishi ambaye amekwisha kurudisha siku moja kichwani mwake atarudisha ya pili, aangukie Jumatano. Anaandika: “Tumia tarehe, usitumie jina la siku.” Anaifuta nayo. Watu hawa husema usiku wa tarehe kumi na saba, na hukusanyika jioni ya tarehe kumi na sita.

Anakwenda dirishani. Anarudi. Anapiga simu.

“Bu, samahani. Mteja akikuambia usiku wa Jumapili, utabofya siku gani?”

“We mtoto! Mayai yanaungua, nawe unanitungia mtihani?”

“Hayo mayai, Bu, unayakaanga siku gani?”

“Alhamisi! Hata siku umezipoteza sasa?”

Hapo Wahyuningsih anarukia kompyuta, simu imebanwa begani. Usiku una wenyewe wawili, lakini mchana una mmoja tu. Hakuna Mjawa anayeuita mchana wa leo kwa jina la kesho. Anaandika, kisha anamsomea mpishi:

“Usimuulize mteja usiku wa siku gani. Muulize chakula kipikwe mchana wa siku gani, kisha uchague siku hiyo.”

Mafuta yanasikika yakichemka.

“Hiyo naielewa,” asema Bu Lastri. “Mbona hukuiandika Jumatatu? Haya, niache nipike.”

Ukurasa unachapishwa saa nane na nusu. Alasiri nzima Wahyuningsih hatulii. Anafua nguo zilizokwisha kufuliwa. Togar anatuma habari kwamba wapishi wawili wa Boyolali walikuwa na kosa hilohilo, ila shughuli zao ni za mwishoni mwa juma, wamekwisha kurekebisha. Jua linatua. Simu iko kimya, na mwenyewe ameishika mkononi.

Inaita giza likiwa limeingia.

“Vimefika,” asema Bu Lastri. “Dua ilikuwa imeanza. Tukavipitisha mlango wa nyuma.”

“Na Pak Wagimin?”

“Alitazama mayai, akauliza kuku yuko wapi. Nikamwambia kuku ni wa usiku wa Ijumaa wa kompyuta.”

“Akasemaje?”

“Hakucheka.”

Mwongozo wa Rantang una kurasa thelathini na moja, na mwandishi wake sasa haamini hata mmoja. Juma lijalo atahamia jikoni kwa Bu Lastri ili auandike upya wote; mwenyeji amekubali, kwa sharti kwamba mgeni amenye vitunguu.

“Atafuata kila sentensi mbele ya macho yangu,” asema Wahyuningsih. “Akisita, nafuta. Akiuliza, nafuta. Na akinitii upesi mno, hapo ndipo nitakapoogopa.”