Chai ya Mwenyeji

Mjukuu wangu wa kike ana kadi ya hoteli. Akilala kwenye hoteli zao mara nyingi anapewa kifungua kinywa bila kulipia, na juzi nilimsikia sebuleni kwangu akibishana na mumewe kama jambo hilo lina faida yoyote. Mume anasema ni mtego tu, mayai mawili na kipande cha tikiti, mtu mzima hawezi kununuliwa kwa mayai mawili. Nikamwambia, baba, hebu nyamaza kidogo, wewe hujui yai linaweza kufanya nini. Akacheka, akadhani bibi anatania. Sikuwa natania hata chembe.

Miaka ya sabini, lami ya kwenda Zambia ilipokuwa bado mpya, mimi nilikuwa nauza dagaa. Nilikuwa nawanunua Mbeya kwa akina mama waliowaleta kutoka Ziwa Nyasa, nawajaza kwenye gunia, napanda nao basi mpaka Iringa. Huko nauza, kisha nanunua vikapu vya nyasi za milulu, vile wanavyosuka wanawake wa Kihehe, narudi navyo Mbeya kuwauzia watu wa maofisini. Safari ilikula siku nzima. Igawa jasho, Nyololo baridi mpaka meno yanagongana, na njia nzima abiria wananilaumu kwa harufu. Niliwaambia wafungue madirisha.

Iringa nilikuwa nalala kwenye nyumba ya wageni karibu na stendi. Mwenye nyumba alikuwa mama mjane wa Kihehe, Mkatoliki, mnene, mwenye sauti ya kuamrisha, na alikuwa na desturi yake ambayo sijaiona mahali pengine. Mgeni akilala kwake mara nyingi, bila ulevi, bila ugomvi, bila kuingiza mtu chumbani, siku moja asubuhi anaambiwa, "Leo usitoe kitu. Wewe sasa ni mwenyeji." Tangu hapo mwenyeji halipii tena chai ya asubuhi. Na chai yenyewe si ile ya rangi wanayopewa wapita njia. Ni ya maziwa, ina sukari kweli, na kuna wakati sukari ilikuwa ya kutafuta kwa tochi, halafu chapati, halafu yai la kukaanga. Wageni wanaume wote wanakula chumba cha mbele, lakini meza ya dirisha kubwa linalotazama stendi ni ya wenyeji. Madereva wa malori waliringia jambo hilo kuliko magari yao.

Nami nikalala pale, nikalala, nikalala. Sikupewa. Madereva niliowatangulia wanaketi dirishani wanakula mayai, mimi naambiwa nikanywe chai jikoni, tena niilipie. Siku moja uvumilivu ukanishinda, nikamkabili mama yule mbele ya watu. "Mama, kosa langu ni nini? Nimelewa? Nimeleta mwanamume?"

Akanivuta pembeni. "Kosa huna, mwanangu. Lakini wewe ni mwanamke, tena uko peke yako. Nikikukalisha dirishani asubuhi, watu wa stendi watasema nini juu ya nyumba yangu?"

"Na wakiniona natokea mlango wa nyuma watasema nini?" Maana mji mzima ulijua mwanamke anayetoka gesti asubuhi kwa mlango wa nyuma ni mwanamke wa namna gani. "Na hao wa namna hiyo, mama, umeshaona mmoja anayelala chumba kimoja na gunia la dagaa?"

Alicheka mpaka akashika mlango asianguke. Kesho yake nikaketi dirishani. Watu wa stendi walitazama mpaka wakachoka, nami nikala yai langu taratibu, na sijapata kula yai tamu kama lile.

Sasa huku nyumbani mambo yalikuwa yanachemka. Mume wangu alikuwa karani, mtu mpole, hakuwa na neno na biashara yangu, maana watoto walivaa viatu kwa dagaa wale wale. Mwenye neno alikuwa baba yake, mzee wa Kinyakyusa aliyeishi kwake Tukuyu. Kuna watu, Mungu awasamehe mimi sijaweza, walimpelekea maneno kwamba mke wa mwanao analala magesti huko Iringa. Neno gesti likatosha. Mzee akasema atachunguza mwenyewe, na ikithibitika, ng'ombe wa mahari warudi, mimi nirudi kwetu, na watoto wabaki upande wao. Watoto watatu, wa mwisho hata shule hajaanza.

Mume wangu aliniletea habari hiyo kichwa kimeinama. Nikamuuliza, "Na wewe ulisema nini?" Akajibu, "Ningesema nini, naye ni baba?" Nilikasirika, nikalia, kisha nikafunga gunia nikaenda stendi. Dagaa hawasubiri kikao.

Lazima nieleze jambo moja hapa, kwa sababu vijana wa leo wanakula meza moja na wakwe zao na kupiga nao picha. Kwetu wakati ule mke hamwoni baba mkwe. Sisemi anamheshimu tu, nasema hamwoni. Akimsikia njiani anaingia migombani. Hali chakula mahali alipo, hasemi naye, hatamki jina lake wala neno linalofanana nalo. Naye mzee vilevile anamkwepa. Familia nyingine zilishaanza kulegeza kwa sababu ya kanisa na mambo ya mjini, lakini yeye hakulegeza hata kidogo. Miaka yote ya ndoa yangu sikuwa naujua uso wake, na yeye hakuujua wangu. Nilichokijua ni viatu vyake, fimbo yake, na kikohozi chake kikavu, kinachokuja mara mbili halafu kinanyamaza.

Basi asubuhi ya kuondoka Iringa, dagaa wameshaisha, nilioga, nikajifunga khanga, nikashika njia ya chumba cha mbele. Nikiwa kwenye korido nikasikia kikohozi. Mara mbili, halafu kimya.

Nikasimama pale pale. Nikachungulia chini tu, usawa wa sakafu, nikaona viatu vile vile, na fimbo ile ile imeegemezwa kwenye meza. Yesu wangu! Mzee alikuwa amekuja kunichunguza, akalala nyumba ile ile, bila kujua kwamba nimo ndani.

Mwenye nyumba akatokea na birika, akanisalimu. "Kamwene, mwanangu. Mbona umekauka hivyo?" Nikamnong'oneza kwamba yule mzee aliyeketi pale ni baba mkwe wangu, na nikamwambia amefuata nini. Yeye mambo ya wakwe aliyajua, hata Wahehe wana yao. "Haya, basi pita nyuma. Nitakuletea jikoni, ule haraka, utokee uani ukapande basi lako."

Na mwili wangu ulishageuka! Desturi ile haikuwa kichwani mwangu, ilikuwa miguuni. Nilikuwa nimeshapiga hatua kuelekea mlango wa nyuma, khanga nimeshajitanda kichwani, ndipo nikajiona ninachokifanya. Uani kunatokea stendi. Mzee ameketi chumba cha dirisha, anaiona stendi yote. Ningemkimbia kwa heshima, naye angemwona mwanamke aliyejifunika uso anatoroka gesti asubuhi kwa mlango wa nyuma, na hapo angekuwa amepata alichokifuata. Nikipita nyuma, mimi malaya. Nikipita mbele, nimemvunjia mkwe heshima, kosa la kulipiwa ng'ombe. Haya mwanamke, chagua!

Hasira ikanipanda mpaka masikio yakawaka. Nani alimwita? Ile meza niliipigania mwenyewe. Hakuna mtu aliyenipa kwa huruma, si mume, si mkwe, si mtu wa stendi. Leo niiache nikale nimejibanza jikoni kama mwizi?

"Liwalo na liwe," nikamwambia mama yule. "Chai yangu niletee mahali pangu."

"Una wazimu wewe!"

"Ninao. Niletee."

Nikaingia ubavu ubavu, khanga imenifunika mpaka machoni, natazama ukuta. Nikavuta kiti changu, nikakigeuza, nikaketi nimempa mgongo. Uso wake sikuuona, na wangu hakuuona. Hiyo tu ndiyo heshima niliyoweza kumpa asubuhi ile. Chumbani walikuwamo madereva wawili, wakaacha kuzungumza, wakidhani naumwa meno.

Chai ikaletwa. Nikasikia birika, nikasikia sahani. Kisha nikasikia sauti ya mzee, kwa Kiswahili chake cha Tukuyu. Hakuwa amenitambua, angenitambuaje, hajawahi kuniona?

"Mama, kwa nini yule mwanamke analetewa maziwa na yai, na mimi mzee mzima unaniwekea chai ya rangi na mkate mkavu?"

"Wewe umelala usiku mmoja, baba. Yule ni mwenyeji."

"Mwenyeji ndiyo nini?"

Hapo mama wa Kihehe akaweka birika chini. Nilijua ameshika kiuno hata bila kugeuka. "Mwenyeji ni mtu aliyelala kwangu mpaka nikamjua. Yule amelala hapa mara ambazo siwezi kuzihesabu. Hajalewa, hajamtukana mtu, na hajamfungulia mwanamume mlango hata wa kuomba kibiriti. Chai hii hainunuliwi, baba. Hata uje na mfuko umejaa fedha, sikupi."

"Ni kweli, mzee," akadakia dereva mmoja. "Mimi nanyimwa mwaka wa ngapi huu, sababu ni pombe ya ulanzi." Mwenzake akaangua kicheko.

Mzee hakucheka. "Anatoka wapi huyo mwanamke?"

"Mbeya. Anauza dagaa."

Kijiko chake kiligusa kikombe, kikatulia. Alikuwa amesafiri mpaka Iringa na swali lake moja, na limejibiwa kabla hajaliuliza, mbele ya mashahidi, na mimi mwenyewe nimekaa pale natafuna. Machozi yalikuwa yananitiririka. Nikajiambia, sisimami. Akitaka kupiga kelele apige. Akitaka ng'ombe wake achukue. Lakini mimi kwenye kiti hiki sitoki, na kama ni kukimbia, akimbie aliyekuja kunichungulia.

Kiti chake kikasogea. Fimbo ikagonga sakafu, ikaja mpaka karibu na mlango, ikasimama. Akakohoa. Hakusema na mimi, hilo lisingewezekana. Alisema na mwenye nyumba.

"Mwambie mwenyeji wako asiharakishe. Mimi nitakaa nje mpaka amalize."

Akatoka. Chai yake aliiacha nusu, na baridi ya Iringa asubuhi anayeijua anaijua. Mama yule alinijia akiwa ameziba mdomo kwa upande wa khanga, nami nikajifuta uso, nikala yai lote, nikamaliza chapati, kisha nikaomba kikombe cha pili. Ndiyo, nilikiomba! Nilikuwa na haki nacho.

Nilipotoka, nilitoka kwa mlango wa mbele, gunia la vikapu mgongoni. Mzee alikuwa amesimama barazani, ameugeukia ukuta, kofia ameivuta mpaka puani. Nikapita nyuma yake kimyakimya. Basi la Mbeya lilikuwa linaita abiria, nikapanda. Yeye hakupanda, aliliacha liende.

Kikao kilikaa Tukuyu siku chache baadaye. Sisi wanawake tulikuwa jikoni, wanaume ndani ya nyumba, na sauti zinapita kwenye upenyo wa ukuta. Nilikuwa nimeshafungasha nguo zangu. Niliamini atanishitaki kwa kula mbele yake, na kwa hilo nisingekuwa na cha kujitetea. Baba mdogo wa mume wangu alianza, mwanamke wa magesti arudishwe, ametutia aibu. Wengine wakaitikia. Mume wangu, siku hiyo nilimwona mwanamume, akasema kwa sauti ndogo kwamba mimi sina kosa. Wakamzomea.

Ndipo kikohozi. "Nimelala nyumba hiyo mimi mwenyewe," mzee akasema. "Sikuona ubaya. Mwenye kubisha, nauli yake haiko kwangu, aende akaone." Halafu akaomba maji ya kunywa, na watu wakaanza kuzungumza habari za migomba.

Habari ya kwamba tulikula chumba kimoja hakuitoa siku ile, wala mpaka anakufa.

Jioni, mama mkwe alikuja jikoni akanikuta nafungua furushi langu. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyetumwa neno asilolielewa. "Baba yenu amenituma kwako," akasema. "Anasema ukienda Iringa, usitoke pale kabla hujanywa chai." Akanitazama. "Chai gani hiyo?"

Nilimwambia ni chai ya kawaida tu, ya maziwa. Kisha nikatoka nikaenda nyuma kwenye migomba, nikalia kwa sauti, na wiki ile ile nikapanda basi na gunia langu, mchana kweupe, bila kumwomba mtu ruhusa.