Shemeji Yangu Biubwa na Bakuli la Kidawa

Haya nitakayowaambia hamtayaamini, na asiyetaka kuamini aje hapa Ndagoni aniambie usoni. Mimi nilifika darasa la sita, la saba nililiona dirishani, lakini katika kijiji hiki hakuna anayejua habari za watu kunishinda. Isipokuwa mmoja. Naye ni mjane wa marehemu kaka yangu Shaibu, jina lake Biubwa.

Biubwa kazaliwa Jibondo, kisiwa ambacho zamani maji yakiletwa kwa mashua. Mtoto wa kule alikua akijua ndoo ya kila nyumba, nani kakopa kata ngapi na nani kaoga wakati wenzake hawana ya kunywa. Alipoolewa huku tukampa visima, macho yale yale akayahamishia kwetu. Analima mwani, anasuka mikeka, na katikati anapita nyumba hadi nyumba kuazima mbuzi ya kukunia nazi. Yake ipo, nzima kabisa. Ni yeye aliyegundua anayekula mayai ya kuku wa Shamte, wakati Shamte keshagombana na majirani wote. Alikuwa kenge. Na mimi nilikuwa nimeshasema ni kenge, ila moyoni.

Sasa mwaka ule, hifadhi ya bahari imeshazoeleka na watalii wanakuja kuogelea na papa potwe, Idi ikapita na bakuli la Kidawa likapotea. Si bakuli hili la dukani. La kauri, maua ya buluu, karithi kwa bibi yake. Kidawa alikuwa amemposea mwanawe Luqmani binti mmoja anaitwa Shamsa, na siku ya Idi Shamsa ndiye aliyemwoshea vyombo. Basi Kidawa akatangaza kisimani kwamba mwizi wa bakuli haingii nyumbani kwake kuwa mkwe. Posa itarudishwa Ijumaa.

Shamsa akaacha kuja kwenye mwani. Shamba lake lilipakana na la Biubwa, na Biubwa akawa anafunga kamba za watu wawili huku akinung'unika.

"Mimi namjua mwizi," nikamwambia.

"Nani, shemeji?"

"Watalii. Wazungu wanapenda vitu vya kale."

"Mtu kapanda ndege kuja kumwona papa, akaishia kabatini kwa Kidawa?"

Nikamwachia nafasi ya kufikiri.

Akaenda kwa Kidawa kuazima mbuzi. Nilikwenda naye, kwa ulinzi.

"Bakuli lile kila mtu analijua," Biubwa akasema. "Aliyeliiba atalipakulia wapi? Akiliuza, amuuzie nani?"

"Kamuulize Shamsa," Kidawa akajibu. "Mimi bakuli langu halitoki nje."

"Na kawa lake?"

"Kawa gani?"

"La kufunikia. Lile jekundu, nilikusukia mimi."

Kidawa akatazama ukutani. Makawa mengine yalikuwa yanang'inia kwenye misumari yao, lile jekundu halipo. Akasema labda panya. Biubwa akashukuru, akachukua mbuzi tukatoka.

Njiani akaniambia, "Mwizi habebi kawa. Bakuli lilitoka na chakula. Siku ya Idi vyombo vilimwishia Kidawa akiwachotea majirani, mkono ukaenda kabatini, akasahau. Sasa twende tukatazame ambaye hajarudisha."

Tulizunguka nyumba mia tatu. Haya, kumi. Mwisho wa kijiji kwenye minazi anakaa mzee Mfaume, aliyekuwa fundi wa kuvuta juya, ule wavu wa kukokota, kabla halijapigwa marufuku. Alisalimisha lake, akabaki na madema ya kutegea samaki, na mwaka ule mguu ukamvimba, hata hayo madema hakuweza kwenda kuyatazama. Hatoki, hata maneno ya kisimani hayamfikii.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Biubwa. Kaeni hapo hapo barazani."

Mzee Mfaume tangu nimjue hajamweka mtu barazani, kila mgeni humwingiza ndani. Biubwa akakaa, akasema taratibu, "Mzee, Shamsa anaachwa kwa ajili ya bakuli la Kidawa."

Mzee akainamisha kichwa. Akaingia ndani akichechemea, akatoka nalo, limeoshwa, limefunikwa kawa lake jekundu.

"Pilau yake ilikuwa tamu," akasema. "Mimi toka ujana sijarudisha chombo cha mtu kitupu. Kila siku nasema mguu ukipona nitatia japo samaki chafi wawili. Mwanangu, sikujua. Nipe fimbo yangu, nalipeleka sasa, hivi hivi tupu."

Leo anaisimulia mwenyewe na kucheka, lakini siku ile hata mimi nilikosa utani. Biubwa akatazama uani. Pale pana mndimu, na ndimu zilikuwa zimeanguka hadi mlangoni.

"Na hizi?"

"Ndimu? Ndimu ni kitu cha kumrudishia mtu?"

"Kidawa ana harusi, mzee. Achari ya wageni ataitoa wapi? Nitamwambia umempelekea za harusi ya Luqmani."

Mzee akaanza kuokota.

Basi mimi ndiye niliyelibeba bakuli lile, limejaa ndimu kila moja sawa na dafu, na kijiji kizima kikatoka kunipokea kwa vigelegele, na Kidawa aliposikia neno harusi akaanguka magoti mbele ya Shamsa, akalia mpaka mkeka ukalowa, akaapa mbele ya mashekhe saba kwamba tangu leo...

"Shemeji," kasema Biubwa, anasuka ukili hapa pembeni yangu, na kumbe nilikuwa naandika huku najisomea kwa sauti. "Bakuli nilibeba mimi. Wewe ulibeba ndimu moja, ukainyonya njiani. Na Kidawa hakupiga magoti. Alilitazama bakuli, akazitazama ndimu, akasema, 'Mwiteni Shamsa aje tukate achari.' Andika hivyo."