Kibofu Kilichong'aa

Namtukuza Mungu aliyenijua nikiwa bado tumboni mwa mama yangu, ambaye hahitaji mashine ili aone kilichomo ndani yangu. Nimefundisha katekisimu miaka mingi, kwanza Ushirombo nilikozaliwa, kisha Kharumwa nilikoolewa, na watoto niliwaambia kila mwaka kwamba hakuna uongo mdogo. Haya ninayoandika ni ya uongo wangu.

Nilipatikana na saratani ya shingo ya kizazi. Nikapelekwa hospitali kubwa, mwendo wa siku nzima kutoka kwetu, na huko nikapigwa kwanza picha ya sumaku, ndani ya mashine inayogonga kama makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu. Ilionyesha uvimbe vizuri, na kando ya kibofu ikaonyesha tezi ndogo iliyovimba. Kama tezi ile ilikuwa na saratani, haikuweza kusema.

"Ikiwa safi, tunakupasua, tunautoa uvimbe," daktari, mama mpole, aliniambia. "Ikiwa na ugonjwa, kisu hakitakusaidia."

Akaniandikia picha nyingine. Unachomwa sukari yenye mionzi, saratani inaila kwa pupa, na palipo na ugonjwa panang'aa.

Binti yangu alikuwa na kichanga, kwa hiyo aliyenisindikiza ni mumewe, mchimbaji. Kwa desturi yetu mkwe na mama mkwe hawakai mkeka mmoja, wala hawatajiani mambo ya mwili. Ndani ya basi tulikaa mbalimbali, na maji ya kunywa alinipitishia kwa abiria.

Siku ya picha ile, baada ya sindano, nililala peke yangu chumbani kwa saa nzima. Kisha mhudumu wa mashine akasimama mlangoni, akauliza kwa sauti kubwa, "Mama, umeshakojoa?"

Choo kilikuwa mwisho wa korido. Mkwe wangu alikuwa ameketi huko huko, kofia mkononi, akisikia kila neno.

"Nimeshakwenda," nikasema.

Kesho yake daktari aliziweka picha mbili sambamba, akazitazama kwa muda mrefu. Mkojo nao hubeba ile sukari, akaniambia. Kibofu changu kilikuwa kimejaa, kikawaka, na mwanga wake ukaimeza tezi. Alisema nchi nyingine wana mashine inayopiga sukari na sumaku kwa pamoja. Hapa picha hizo mbili hulinganishwa kwa macho ya daktari, na moja ikiharibika hakuna cha kulinganisha.

Nikaungama. Hakunigombeza. Ila ile sukari ya sindano haikuwepo tena, tukangoja wiki mbili.

Pale nyumba ya wageni mkwe wangu alizungumza nami kutoka nje ya mlango.

"Mama, usijilaumu. Shimoni mwenzako akikumulika usoni, huuoni mwamba. Mwamba upo pale pale."

"Nawe baba, korido yote ile, ukaona ukae mlangoni pa choo!"

"Kwanza nilikaa nje ya geti, mama. Mlinzi akanifukuza, nikarudi ndani."

Nilicheka, kisha nikalia.

Mara ya pili mhudumu alipouliza, niliinuka.

"Bado. Baba, geuka, napita kwenda kukojoa."

Mkwe wangu akageukia ukuta. "Pita, mama," akasema.

Safari hii picha ilisomeka vizuri. Tezi iling'aa, ndogo kama punje ya mtama. Kisu hakikuwezekana tena, nikaanza tiba ya mionzi. Nilimuuliza daktari kama ugonjwa ulifika pale kabla ya wiki zile mbili au ndani yake. Alisema hakuna picha inayoweza kulijibu hilo. Namwachia Mungu, na kila asubuhi ninayoamka Kharumwa namshukuru, ingawa maumivu yananitangulia kuamka.

Nawe unayesoma, Mungu akulinde mwili na roho. Na siku utakapoulizwa jambo la kukuokoa, akupe ulimi wa kujibu ukweli, hata mkweo akiwa anasikia.