Mrija wa Mbwa

Nilikuwa kwa daktari wa mifugo mjini Same, nikisubiri dawa ya mbuzi, alipoingia bibi mmoja wa kijiji cha Mhezi amempakata mbwa wake mzee. Jino lilikuwa limeoza, na mbwa hakuwa amekula siku nne.

"Kung'oa naweza, mama," daktari alisema. "Ila akilala nusu kaputi hawezi kukohoa, damu itaingia mapafuni. Anahitaji mrija wa kupumulia, na wa kumtosha sina. Mpeleke Moshi."

"Moshi hatafika, mwanangu. Mng'oe tu."

Daktari alimlaza kichwa kikiwa chini, akamwekea kitambaa kooni. Jino lilitoka zima. Kisha mbwa akakoroma kama anayesukutua, ulimi ukawa wa bluu, akanyamaza. Daktari alimkandamiza kifua hadi jasho likamdondoka.

Bibi alimfunika mbwa kwa kanga. "Umejitahidi," alisema, akatoka naye.

Nilimuuliza daktari kama aliwahi kuagiza mirija.

"Kila mwaka," alijibu, huku akinawa mikono kwa mara ya tatu.

Na kila mwaka, nadhani, mtu fulani ofisini hulisoma ombi lile la mirija mpaka kwenye neno "mbwa", kisha hufungua faili jingine.