Harufu Aliyorudi Nayo Baba

Jirani anapaka rangi geti lake, na harufu ya dawa ya kuyeyushia rangi imeingia hadi jikoni kwangu. Baba alirudi nayo kila jioni nyumbani Musaga, kutoka gereji alikopulizia magari rangi miaka yote bila kufunika pua. Zamani alikuwa mcheshi. Baadaye akawa mtu wa hasira na kusahau.

Jioni moja nilimpelekea maji ya kunawa. Akanitazama kwa upole, kama anayemtazama mtoto wa watu.

"We ni mutoto wa nani?"

Nilidhani ananitania, nikacheka. Mama akaweka mwiko chini, akaja kumshika bega.

"Ni mutoto wako, papa."

Baba akainama, akalia. Nami nikaendelea kummiminia maji mikononi.