Mashati ya Risasi

Orpha Pruitt alikuwa mashoto, na hilo kila mwindaji wa nyati wa mji wetu wa Miles City alilijua, hata wale ambao hawakuwahi kumwona sura. Kazi yake ilikuwa kuvisha risasi karatasi, na aliyoivisha yeye ilikuwa na mkia uliosokotwa kwenda kushoto. Za wengine wote zilisokotwa kwenda kulia. Ukizimwaga mezani kwenye duka la risasi, za Orpha unazitoa moja moja bila kuuliza mtu.

Mimi ni Tabitha Voss, jirani yake, mfua nguo. Niliwafulia wawindaji wa nyati, na msiniambie pole, maana damu iliyoganda na mafuta ya mnyama havitoki kwa pole. Nyumba yangu na yake zilitenganishwa na kamba ya kuanikia tu. Kazi yake niliionea wivu kwa sababu ilimwacha na mikono safi. Alikuwa analaza kipande cha bati juu ya karatasi nyembamba ya pamba, anapitisha kisu pembeni, inatoka karatasi ndogo yenye ncha za mshazari. Anailowesha kidogo, anaizungushia risasi mara mbili, ncha zikutane lakini zisipandane. Zikipandana hata kwa unywele, risasi inakwenda kwa jirani. Halafu anausokota mkia, anauchomeka kwenye kishimo cha kitako, anaiacha ikauke. Watu waliliita shati. Bunduki ikilia, shati linachanika vipande vipande mbele ya mtutu, risasi inakwenda zake uchi.

Basi majira ya kuchipua ya mwaka wa elfu moja mia nane themanini na tatu, mwenye duka akamletea Orpha kisanduku cha risasi azivishe upya, kwa kuwa mashati yameingia unyevu. Orpha akafungua, akakuta mikia yote imekwenda kushoto. Zilikuwa zake mwenyewe, alizozivisha kabla ya msimu. Wiki iliyofuata kikaja kisanduku kingine, na kingine tena. Miaka yote ya nyuma risasi hazikuwa zinarudi. Nyati walikuwa wengi mpaka watu wanatuma mpanda farasi katikati ya msimu aje achukue nyingine.

Alikuja kwangu na kiganja kimejaa risasi, akaziweka juu ya ubao wangu wa kufulia.

"Shoga, nyati wamekwisha," akaniambia.

Nilimwona anatia chumvi. Wanaume wote wa mji walikuwa wanasema nyati wamevuka mpaka, wamekwenda nchi ya Malkia wa Waingereza kule kaskazini, na majani yakiota watarudi. Hakuna aliyebisha, maana aliyebisha angelazimika kutafuta kazi nyingine, na wale walikuwa hawajui kazi nyingine.

Mume wa Orpha, Hollis, aliamini kuliko wote. Msimu ule uliopita hakuwa ametoka, alivunjika mbavu akashinda mjini akihudumia farasi wa watu, kwa hiyo yeye hakuyaona mabonde matupu kwa macho yake. Alikuwa na kumbukumbu ya miaka ya neema tu. Akaamua vuli hiyo atoke kwa safari yake mwenyewe, na ili apate nyumbu wa kubebea mizigo, baruti na unga, akasema atamuuza Dolly.

Dolly alikuwa ng'ombe wao, mmoja tu. Binti yao Lottie, wa miaka mitatu, alikuwa na kifua kibovu, na kwa miezi mingi kitu pekee kilichokaa tumboni mwake ni maziwa ya yule ng'ombe. Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Hollis alikuwa anauacha mbachao kwa msala ambao hata kupita haupiti.

Ugomvi wao niliusikia wote, kuta zetu zilikuwa mbao.

"Baba Lottie, risasi zinarudi."

"Zinarudi kwa sababu hao hawajui kulenga."

"Wote?"

"Mama Lottie, wewe unaona karatasi. Mimi nimewaona nyati wenyewe, wanapita mbele yangu kutwa nzima hawaishi."

"Umewaona lini?"

Nilisikia mlango ukibamizwa, na Jumatatu Dolly akaondoka amefungwa kamba nyuma ya gari la mtu wa mtaa wa pili.

Orpha akagoma. Akasema risasi za safari hiyo hatazivisha. Loo, maneno yakaanza mjini! Kwetu mke akikataa kumvishia mumewe risasi, ni kama amemtakia mabaya, na wanawake ambao hata kushona kifungo hawajui wakaanza kumtazama kwa pembe ya jicho. Hollis hakumgombeza. Alikaa mezani, akajaribu kuzivisha mwenyewe na vidole vyake vile vinene, ncha zikawa zinapandana, karatasi inakunjamana. Orpha alivumilia siku mbili. Kule mabondeni kuna dubu, na mtu mwenye risasi ya shati baya hupiga dubu sikio, kisha dubu humaliza kazi. Siku ya tatu akamnyang'anya kisu.

"Toka hapa, utajiua," akamwambia.

Nilipoingia kumsaidia nikamkuta ana penseli. Kila karatasi, kabla ya kuilowesha, aliiandika upande unaolala juu ya risasi. Nikachukua moja nikasoma: *Hawapo. Rudi nyumbani.* Nikamuuliza kama akili yake iko sawa.

"Ikipigwa, maneno yatachanika, na mimi nitakuwa nilikosea, sawa," alisema. "Isipopigwa itaingia unyevu, atalivua shati. Hapo ndipo asome."

Zilikuwa risasi mia tatu. Aliziandika karibu zote, nikamsaidia chache. Mimi nina hasira za karibu, na habari ya Dolly ilikuwa imeniuma, kwa hiyo karatasi moja niliiandika ya kwangu, nikaivingirisha haraka kabla hajaona. Hollis akaondoka mwezi wa kumi, yeye na mchuna ngozi wake aitwaye Burl Teague, amembusu mtoto, anapiga mluzi.

Majira yale ya baridi sitaki kuyarudia. Kila asubuhi Orpha alikwenda kwa yule mtu wa mtaa wa pili kumwoshea masufuria, ili apewe kikombe kimoja cha maziwa ya ng'ombe aliyekuwa wake. Dolly alimjua, alikuwa analia akimwona. Kikombe kimoja hakikutosha. Lottie alikonda, akaanza kukohoa kikohozi cha mzee, na sisi wawili tukawa tunapokezana kumbeba wima ili apumue.

Kabla ya Krismasi Burl akarudi peke yake. Alisema hawajaona nyati hata mmoja, mifupa tu, mabonde meupe kwa mifupa. Wiki ya tatu nyumbu aliteleza kwenye kijito, kisanduku cha risasi kikazama, wakakitoa. Hollis akakaa kando ya moto anavua mashati yaliyolowa. Alipovua la kwanza alilinyoosha juu ya goti, akachukua la pili.

"Tangu hapo hajatengemaa," Burl alisema. "Kila siku anavua mengine, hata yaliyo makavu. Anayamenya kama viazi. Nimemwambia turudi, hasikii. Nikaona mimi nisife naye."

Burl hakujua kusoma, maskini. Orpha alimkatia mkate, akamshukuru, akangoja mpaka amefunga mlango.

"Amesoma," akaniambia. "Amesoma, Tabitha, na hajarudi."

Nikasema sikio la kufa halisikii dawa. Nilijuta papo hapo, kwa sababu alikaa chini sakafuni pale pale. Kabla ya hapo alikuwa na hofu kwamba Hollis hajui. Sasa hofu yake haikuwa na pa kushika.

Hollis alifika mwezi wa pili, mchana, kwa miguu, anamvuta nyumbu mmoja. Vidole vitatu vya mguu wa kushoto vilikuwa vimeganda kwa baridi vikakatika. Lottie hakumjua, alijificha nyuma ya sketi yangu akakohoa, na Hollis aliposikia kile kikohozi alishika kizingiti. Aliweka kisanduku mezani. Risasi zote zilikuwa humo, uchi, na karatasi zote zilikuwa humo pia, amezinyoosha moja juu ya nyingine.

Orpha hakumkaribisha kiti. Hakupiga kelele wala hakulia. Alizipitia karatasi kwa kidole.

"Hii ya kwanza ulisoma lini?"

"Wiki ya tatu."

"Wiki ya tatu theluji ilikuwa bado haijafunga njia. Mbona hukurudi?"

Hollis alitazama chini. Alisema moja ilimwita punda, na alijua ule si mwandiko wa mkewe. Mimi nikatazama dirishani. Orpha hakucheka, akaendelea kumngoja.

"Nilidhani nyingine zitasema kitu kingine," akasema Hollis. "Nikawa navua, mama Lottie. Kila siku navua. Nilisema labda moja itaniambia wapo."

Orpha alizirudisha karatasi kisandukuni, akafunga kifuniko. Akachukua kikombe kwenye rafu, akajifunga mtandio, akatoka kwenda kuosha masufuria ya yule mtu wa mtaa wa pili.